Hiba ya Marafiki kwa Sindano na Uzi

Katika mji wa Kendal, kaskazini ya Uingereza, ndani ya nyumba ya ibada iliyojengwa mwaka 1816, zimehifadhiwa darizi za sufu 77, kila moja ya sentimita 64 kwa 53, ambazo zilitiwa nakshi kwa hiari na wanaume, wanawake na watoto wapatao 4,000 wa nchi 15; na yapata miaka 30 sasa tangu ya mwisho ilipokamilika, mwaka 1996. Waliozifanya huitwa Marafiki. Walimwengu waliwapachika jina jingine, Quakers, yaani watetemekao, tangu mwaka 1650, pale mwasisi wao, George Fox, alipomwambia hakimu wa Derby kwamba yampasa kutetemeka mbele ya neno la Mungu, na hakimu akaigeuza nasaha hiyo kuwa dhihaka. Kwetu Afrika Mashariki waumini hawa hujulikana zaidi kwa jina lao la haki, na ni Kenya, wala si Uingereza wala Marekani, iliyo na wengi wao kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Kwa hiyo habari ya Kendal ni habari ya jamaa zetu.

Watunzaji wa kazi hii hupenda kuianzia kwa mtoto, nami nawafuata. Mwaka 1981, katika mji wa Taunton, Bibi Anne Wynn-Wilson alikuwa akiwafundisha watoto siku ya Jumapili, na mmoja wao, mvulana wa miaka 11, akaona kuta za chumba chao kuwa tupu mno. Mwalimu mwingine angalitabasamu akaendelea na somo. Bibi huyu, aliyekuwa fundi wa kudarizi na ambaye moyo wake ulikuwa umetekwa na nakshi mashuhuri ya Bayeux ya karne ya 11, alilichukua neno la mtoto kwa taadhima, akaazimu kuisimulia historia yote ya Marafiki kwa sindano.

Halikuwa jambo jepesi, kwa maana Marafiki wa zamani waliyaepuka mapambo kwa sababu ya dini: mavazi yao yalikuwa ya rangi zilizopoa, ibada yao ilikuwa kimya bila wimbo, na weupe wa kuta zao ulikuwa sehemu ya ungamo lao. Watu wa namna hiyo wawezaje kuzivika kuta zao nakshi? Jibu, kwa rai yangu, limo katika jinsi kazi yenyewe ilivyofanywa, kwani hapakuwa na fundi mmoja wa kujifakhari nayo, bali vikundi vilivyoketi majumbani mwao, stadi na asiye stadi pamoja, wakishona na kuzungumza.

Mkono usiozoea hukutana na taabu yake upesi. Katika mshono wa kupasua, sindano hutokeza juu ikiugawa katikati uzi ule ule uliotangulia. Katika mshono wa Bayeux, nyuzi hulazwa sambamba bega kwa bega, zikakingamishwa na nyingine kwa nafasi, na hizo nazo zikafungwa kwa vishono vidogo, hata sufu karibu yote ikakaa usoni pa kitambaa. Herufi ndizo zilizosumbua, kwani kwenye mapindo mishono ya kale haikutoa mstari safi; ndipo Bibi Anne akabuni mshono mpya, uliozaliwa na ule wa kupasua na ule wa shina, ambao hupinda kama kamba bila kukatika, na hadi leo huitwa mshono wa Quaker.

Miongoni mwa watu waliochorwa katika darizi hizo yumo Elizabeth Fry, aliyeingia gereza la Newgate, London, mwaka 1813, akawakuta wanawake na watoto wao wamesongamana katika uchafu, na baadaye akaanzisha kazi ya kuwafundisha kusoma na kushona. Wanawake walipohukumiwa kupelekwa Australia, jumuiya yake iliwapa sindano, nyuzi na vipande vya nguo wavichukue safarini. Mwaka 1841 meli iitwayo Rajah iliondoka na wafungwa wanawake 180, na katika muda wa miezi zaidi ya mitatu baharini baadhi yao waliunga vipande 2,815 wakapata mfarishi mmoja mkubwa, nao wakaandika kwa uzi kwamba ni shukrani yao kwa mabibi wa jumuiya ile, na tena ni ushahidi kuwa hawakuipuuza nasaha ya kufanya kazi kwa bidii. Majina yao hawakuyatia. Mfarishi huo ulipotea miaka mingi, ukaonekana tena Scotland, na sasa umo katika Jumba la Sanaa la Taifa la Australia. Siwezi kuzitazama darizi za Kendal nisiukumbuke, kwani wale wafungwa walikwisha kutangulia kutoa hiba ya namna hiyo hiyo.

Tangu mwaka 1994 Kendal ndiyo maskani ya darizi hizi, na baadhi yake husafirishwa zikaonyeshwa miji mingine.

Nasi je? Marafiki watatu wa Marekani, Hotchkiss, Chilson na Hole, walifika Kaimosi, Magharibi ya Kenya, mwaka 1902, wakajenga kiwanda cha kupasulia mbao kilichoendeshwa kwa nguvu ya maji. Mwaka 1946 Marafiki wa huku wakapata Mkutano wa Mwaka, yaani baraza la kuongoza kanisa lao, wao wenyewe. Inanihuzunisha kuona historia hii aghalabu ikiachwa vinywani mwa wazee, ilhali akina mama wa Magharibi ya Kenya hudarizi vitambaa vya viti na meza kwa ustadi usio na haja ya kufundishwa na mtu wa Taunton. Laiti wangekaa pamoja wakaanza, ningewaomba kitambaa cha kwanza kiwe cha msumeno wa Kaimosi na maji yake, na ukingo wa chini, kama walivyofanya wenzao wa Uingereza, waachiwe watoto wachore wapendavyo.