Balasaraswati na Ngoma Aliyoirithi

Mwaka 1932, mjini Madras, India, kulizuka mabishano makali magazetini. Daktari Muthulakshmi Reddy alitaka ngoma ya sadir ikomeshwe, huku wakili E. Krishna Iyer, ambaye aliwahi kuicheza mwenyewe akiwa amevaa nguo za kike, akiitetea. Wachezaji wa sadir walikuwa devadasi, wanawake waliowekwa wakfu hekaluni na kurithishana kazi hiyo mama kwa binti. Kwa miongo kadhaa walikuwa wamepakwa matope, wakiitwa makahaba, na familia za heshima hazikuthubutu kuwafunga binti zao njuga.

Rukmini Devi, mwanamke wa tabaka la Brahmin, alizifunga. Alifundishwa na Meenakshi Sundaram Pillai, gwiji wa Pandanallur, akacheza mbele ya hadhara huko Adyar mwaka 1935. Mwaka uliofuata akaanzisha shule ya Kalakshetra. Akabuni mavazi mapya, akapunguza mahaba katika uchezaji, na wazazi walioikimbia sadir wakaipokea kwa jina la Bharatanatyam. Jasho lake halina ubishi.

Lakini ngoma haikuwa imekufa. Nyumbani kwa Veena Dhanammal, mpigaji mashuhuri wa ala ya vina, iliishi kila siku. Mjukuu wake, Balasaraswati, aliicheza hekaluni Kanchipuram mwaka 1925 akiwa na miaka 7, baada ya mafunzo magumu chini ya Kandappa Pillai. Ukubwani aliimba huku akicheza. Aliweza kurudia mstari mmoja wa wimbo mara kadhaa, na kila mara uso na vidole vyake vikaleta jambo jingine: mama anamwita Krishna mtoto, anambembeleza, anamkaripia, anamfungulia mikono. Mahaba ambayo Rukmini aliyapunguza, Bala aliyashikilia. Kwake hayo ndiyo yaliyokuwa njia ya kumfikia Mungu.

Kwa maoni yangu, Rukmini aliipatia ngoma hii jukwaa na wanafunzi, ila roho ya ngoma ilitunzwa na wanawake waliotengwa. Sheria ya Madras ya mwaka 1947 ilipopiga marufuku kuwaweka wasichana wakfu, familia nyingi za devadasi zilikuwa zimekwisha kuiacha ngoma. Bala hakuiacha. Aliipeleka Marekani, akaifundisha huko, na mwaka 1973 Music Academy ya Madras ikamtunuku Sangita Kalanidhi, tuzo ambayo kwa kawaida ni ya waimbaji na wapiga ala.