Majina na Nywila Katika Seva Moja

Mafundi wengi wa mitandao wamefundishwa kwamba seva inayotafuta anwani za kompyuta kwa majina yake, na seva inayothibitisha ni nani anaingia, zikae mbalimbali; ofisi inayozichanganya huonekana inabana matumizi tu. Historia haiungi mkono dhana hiyo. Kompyuta haiwezi kupeleka maombi ya kuingia kabla ya kujua seva ipi iulizwe, na orodha ya majina haiaminiki mpaka ijulikane nani anaruhusiwa kuiandika.

Enzi za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, haja ya kuweka kazi hizo mbili pamoja haikuonekana. Majina yote yalikaa katika faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa California na kituo kilichoongozwa na Elizabeth Feinler, na kila taasisi ilijichukulia nakala. Paul Mockapetris alipobuni DNS, mfumo wa kutafuta anwani kwa majina, mwaka 1983, aliwagawia wenye mitandao kazi ya kutunza majina yao. Suala la kuingia halikumhusu. Mwaka 1985 kampuni ya Sun ilileta Yellow Pages, ambayo baadaye iliitwa NIS kwa kuwa British Telecom ilikuwa na haki ya jina la kwanza. Seva moja ilisambaza orodha ya kompyuta sambamba na orodha ya watumiaji, na kazi ya wasimamizi ikapungua sana. Lakini yeyote aliyekuwa ndani ya mtandao aliweza kuomba orodha nzima ya watumiaji, akapata nywila zilizofumbwa na kwenda kuzifumbua kwa wakati wake.

Chuo cha MIT, katika Mradi wa Athena, kilichukua njia nyingine. Hesiod, iliyojengwa juu ya programu ya DNS, ilieleza mafaili ya mtumiaji yako wapi na barua zake ziende wapi, bila nywila. Siri zote zilibaki kwa Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji, katika mashine iliyofungiwa. Huu ndio ushahidi mzito zaidi dhidi ya hoja yangu, na kwa wakati wake uamuzi ule ulikuwa sahihi kabisa. Ila uliwezekana kwa sababu majina yaliandikwa na wasimamizi peke yao. DHCP, inayozigawia kompyuta anwani kwa muda, ilipoenea katika miaka ya 1990, anwani zikawa zinabadilika, na mwaka 1997 kanuni ya RFC 2136 ikaruhusu kompyuta zibadilishe rekodi zake zenyewe. Hapo ndipo swali la Kerberos lilipoingia ndani ya DNS: kompyuta inayodai jina fulani, tuiamini kwa lipi?

Windows 2000 ililijibu. Kompyuta ya ofisi inapowashwa huuliza DNS jina linaloanza na _ldap._tcp.dc._msdcs, hupewa majina ya seva za domeni, yaani zile zinazothibitisha wanaoingia, kisha huomba tiketi ya Kerberos kwa mojawapo, mradi saa zao zisipishane zaidi ya dakika 5. Uthibitisho huohuo wa Kerberos ndio unaoiruhusu kubadilisha rekodi yake ya jina. Rekodi zenyewe zimo katika saraka iliyo na akaunti za watumiaji, na hunakiliwa kwa utaratibu uleule. Kuzitenganisha kungemlazimu fundi ajenge upya, kwa mkono, uaminifu ambao tayari upo.

Wapinzani watataja SIGRed, na wana haki. Julai 2020 ilitangazwa kasoro iliyokuwa imejificha kwa miaka 17 katika programu ya DNS ya Windows, ikapewa alama 10 kati ya 10. Mahali ambapo DNS ilikaa katika seva ya domeni, aliyeivunja aliweza kuitwaa domeni nzima. Hilo linatosha kunishawishi kwamba majina yanayoulizwa na umma wa intaneti hayapaswi kukaa humo hata siku moja. Kwa majina ya ndani, dawa iliyo bora kuliko kutenganisha ilikuwepo tangu Windows Server 2008: seva ya tawi isiyoandikika, inayojibu majina na kupokea watu wanaoingia, lakini haihifadhi nywila ya mtumiaji yeyote mpaka msimamizi airuhusu, na kompyuta ikitaka kubadilisha rekodi yake ya jina huelekezwa makao makuu.