Ngozi ya rangi mbili juu ya ala ya upanga

Wazee wetu hapa Goma wanapenda kusema kama Kiswahili chetu kilitoka Maniema. Ni kweli, lakini hakikufika peke yake. Nyangwe ilikuwa kituo cha biashara tangu miaka ya 1860, na Kasongo ilikuwa muji wa Tippu Tip na watu wake, mpaka askari wa Dhanis walipoiteka Aprili 1893. Katika misafara ile kulikuwa nguo, pembe za ndovu, watumwa, bunduki na panga za kutoka Zanzibar na Oman.

Tukiongea upanga, tunafikiri chuma tu. Tunasahau ala, ile nyumba ya upanga: mbao mbili nyembamba zilizofunikwa ngozi. Mpini nao mara nyingi ulivikwa ngozi. Vilevile Wamaasai huvisha simi yao ala ya ngozi nyekundu.

Sasa, fundi anapataje rangi mbili juu ya ngozi moja? Siri iko ndani ya gome la muti. Kule pwani ni mkandaa, kwingine ni akasia. Maji ya gome yanaiva ngozi, tena yanaipa rangi ya udongo mwekundu. Ngozi ikikauka, fundi anachora mpaka kwa ncha ya kisu, anapakaa nta ya nyuki upande ambao utabaki mwekundu. Upande mwingine anapitisha maji ya siki ambamo misumari yenye kutu imelala siku kadhaa. Chuma kikikutana na dawa ya gome, ngozi inageuka nyeusi palepale. Hii haiko rangi ya kupaka juu, imeingia ndani. Ndiyo maana kosa halirudishwi: nyekundu inaweza kuwa nyeusi, lakini nyeusi hairudi kuwa nyekundu. Mwishoni anaosha, anapakaa mafuta ngozi isipasuke, na mpini anaupanguza mpaka kitambaa kitoke safi, la sivyo jasho litachafua mukono wa mwenyewe.

Wanafunzi wanatuuliza: «Mwalimu, sisi tumeona silaha za kutosha. Tujifunze hii ya nini?» Swali ni la haki. Hatusifu upanga, wengi wa babu zetu waliuona upande wa makali. Lakini majina ya waliouvaa yameandikwa katika vitabu, na jina la fundi aliyesubiri ngozi ikauke halikuandikwa popote. Ni hiyo tunataka watoto waone.

Moto wa Nyiragongo wa 2002, na tena wa 2021, uliteketeza nyumba pamoja na vitu vya ukoo. Kwa hiyo, ndugu musomaji, kama kwenu kumebaki ala ya zamani, usiipake rangi ya viatu, wala usiiuze haraka. Kwanza uliza wakubwa ilitoka wapi na nani aliiacha, halafu uandike.