Majina ya Faili Yaliyovurugika Guangzhou

Itifaki ya SMB, inayoiwezesha kompyuta kufungua faili zilizo kwenye nyingine, ilibuniwa na Barry Feigenbaum wa IBM miaka ya 1980; baadaye Microsoft ikaieneza kwa Windows. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Canberra, Andrew Tridgell alianza programu iliyokuja kuitwa Samba, na mashine za Unix, kisha za Linux, zikapata mlango wa kutumia SMB.

Kwa ofisi za Guangzhou, kama kwingineko China bara, kuunganishwa hakukutosha. Windows ya Kichina ilitumia jedwali la herufi la GBK, lenye baiti 2 kwa kila herufi ya Kichina. Linux ilihamia UTF-8, ambayo kwa kawaida huchukua 3. Hivyo faili ya mkataba, kwa mfano, ilifunguka vizuri, lakini jina lake lilikuwa takataka tupu. Samba 3.0 ya mwaka 2003 ilileta Unikodi, mfumo wa herufi unaotumiwa na UTF-8, ila majina ya zamani yalibaki vilevile hadi yabadilishwe kwa programu kama convmv.

Mwaka 2011 kikosi cha kampuni ya Tencent mjini Guangzhou, chini ya Zhang Xiaolong, kilitoa WeChat, programu ya kutumiana ujumbe. Kwa faili ndogo kama ankara, kuzituma kwa WeChat ni rahisi kuliko kuhangaika na seva ya Samba.