Miaka 75 ya NATO: Historia Fupi

Tarehe 4 Aprili 1949, mawaziri wa mambo ya nje wa nchi 12 walikutana Washington kutia saini mkataba wetu. Bendi ya wanamaji wa Marekani iliwatumbuiza kwa nyimbo za Gershwin, mmoja wa kutilia shaka yanayosemwa, mwingine wa kusifia kutokuwa na kitu. Dean Acheson, waziri wa Marekani aliyekuwa mwenyeji wao, hakusahau. Alikisimulia kisa hicho hadi kwenye kitabu cha kumbukumbu zake, nasi makao makuu tumekirithi.

Nje ya ukumbi mambo yalikuwa mazito. Wasovieti walikuwa wamefunga njia za nchi kavu za kuingia Berlin Magharibi, na unga na makaa ya mawe vilipelekwa kwa ndege. Mwanadiplomasia wa Marekani George Kennan alikwishashauri kwamba Moscow isipigwe, bali izuiwe kwa subira popote inapojitanua. (Yeye mwenyewe hakuupenda sana muungano wa kijeshi, lakini hilo tuliache.) Ernest Bevin wa Uingereza, aliyeacha shule akiwa mtoto na kukulia kwenye vyama vya wafanyakazi, ndiye aliyehangaika mpaka ikakubalika kuwa akishambuliwa mmoja, wameshambuliwa wote.

Ila mzee wetu hasa ni Lord Ismay, Katibu Mkuu wa kwanza, 1952. Kazi aliikataa, Waziri Mkuu Churchill akambana mpaka akakubali. Ujanani alitumikia kikosi cha ngamia cha Waingereza huko Somalia, hivyo mikutano mirefu ya Paris, yalikokuwa makao makuu yetu, haikumtisha.

Mwaka 1955 Ujerumani Magharibi ilijiunga. Siku chache baadaye Wasovieti wakaunda Mkataba wa Warsaw. Mwaka 1966 Jenerali de Gaulle wa Ufaransa alituomba, kwa namna yake, tutafute nyumba nyingine. Tukahamia Brussels 1967, kwenye majengo ya muda yaliyotuhifadhi kwa takriban miaka 50.

Yaliyofuata, kwa ufupi: 1999, Poland, Hungary na Jamhuri ya Czech zikajiunga, na tukaingia vita vya Kosovo; 2001, Kifungu cha 5, kile cha akishambuliwa mmoja, kikatumika kwa mara ya kwanza; 2003 hadi 2021, operesheni ya Afghanistan, iliyokuwa na siku zake ngumu; 2004, wanachama wapya saba kwa mpigo; 2009 hadi 2016, meli zetu dhidi ya maharamia wa Somalia, pwani aliyoijua Ismay; 2014, Urusi kuitwaa Crimea; 2022, Urusi kuivamia Ukraine.

Finland ikaingia 2023, Sweden 2024, tukawa 32. Moscow hulalamika kwamba tunaisogelea mlangoni. Walioomba kuingia ni majirani zake wenyewe, na Finland peke yake imetuongezea zaidi ya kilomita 1,300 za mpaka wa kulinda.