Kwa nini lori likikupita kasi linakusukuma, kisha linakuvuta?

Mwendesha baiskeli au bodaboda akipitwa na lori kubwa kwenye barabara kuu huhisi mambo mawili. Kwanza hewa inamsukuma pembeni. Lori likishamaliza kupita, anavutwa kuelekea barabarani. Hakuna uchawi hapo. Ni umbo la lori, na umbo hilo hilo ndilo linalomlia tajiri mafuta safari nzima.

Hewa inazuiaje chombo?

Chombo chochote kinachotembea lazima kiipishe hewa iliyo mbele yake. Hewa hiyo inabanwa na presha yake inapanda, hivyo inakisukuma chombo nyuma. Nguvu hiyo huitwa ukinzani wa hewa.

Wengi hudhani dawa yake ni kuchonga ncha kali mbele. Kumbe suala kubwa ni wapi hewa inabanduka kwenye mwili wa chombo. Ikiteleza taratibu kutoka mbele hadi nyuma na kukutana tena vizuri, ukinzani unakuwa mdogo. Ikikuta kona ya ghafla, haiwezi kukata kona hiyo. Inabanduka na kuacha pengo lenye presha ndogo na hewa inayozunguka ovyo. Pengo hilo linakivuta chombo nyuma, na ndilo linalomvuta mtu wa baiskeli.

Namba zinasemaje?

Wataalamu hulipa kila umbo namba ya ukinzani. Namba ikiwa kubwa, hewa inazuia zaidi. Kwa maumbo yenye ukubwa sawa yakitazamwa kutoka mbele, namba hizo ni takriban:

• Boksi la mchemraba: 1.05
• Tufe laini: 0.47
• Umbo lenye mbele ya mviringo na nyuma iliyochongoka: 0.04

Hilo la mwisho linafanana na samaki jodari: mnene mbele, mwembamba mkiani. Ukinzani wake ni mdogo kuliko wa boksi kwa zaidi ya mara 20. Ndiyo maana bawa la ndege ni la mviringo mbele na jembamba nyuma, si kinyume chake.

Mpira wa gofu nao una siri hiyo. Vile vishimo vyake huifanya hewa iushikilie mpira kwa muda zaidi kabla ya kubanduka. Pengo la nyuma linapungua, na mpira huenda mbali karibu mara mbili ya ule ulio laini kabisa.

Jaribio la "sanduku la viatu"

Mwaka 1973 mhandisi Edwin Saltzman alikuwa akienda kazini kwa baiskeli katika kituo cha NASA cha majaribio ya ndege huko Edwards, California. Malori yaliyompita yalimsukuma kisha yakamvuta, naye akaanza kujiuliza mafuta kiasi gani yanapotea hapo.

Yeye na wenzake walichukua gari aina ya van, wakalizungushia mabati ya alumini hadi likawa boksi kamili lenye kona kali. Wakalipachika jina la "sanduku la viatu". Baada ya kulipima, walianza kulibadilisha kidogo kidogo. Kuzungusha zile kona tu kulipunguza ukinzani kwa zaidi ya nusu. Kufunika tumbo la gari, ambako hewa hukwama kwenye vyuma na ekseli, kuliupunguza zaidi.

Malori mengi ya leo yanaonyesha somo hilo: kichwa chenye kona za mviringo, na kikinga upepo juu ya paa kinachoipandisha hewa ipite juu ya tela badala ya kuligonga.

Mwendo unabadilisha kila kitu

Mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne. Kwenye foleni ya mjini umbo la gari halina uzito mkubwa. Ukitoka kilomita 50 kwa saa hadi 100, hesabu inageuka, na kila kinachojitokeza nje ya gari kinalipiwa kwenye kituo cha mafuta.

Kwa wenye magari, hiyo ina maana kwamba:

• Keria isiyobeba kitu ni bora ivuliwe kabla ya safari ndefu.
• Mzigo wa juu upangwe chini chini, na turubai likazwe lisipepee.
• Kupunguza mwendo kidogo barabara kuu huokoa mafuta bila kununua kifaa chochote.

Kwa wa baiskeli na bodaboda, cha msingi ni kuacha nafasi pembeni na kushika usukani kwa mikono yote miwili hadi mkia wa tela upite kabisa. Kujificha nyuma ya lori ili kukwepa upepo hupunguza ukinzani kweli, lakini dereva hamwoni aliye nyuma yake, na lori likifunga breki hakuna muda wa kukwepa.

Na wenye pikapu?

Wapo wanaoshusha geti la nyuma wakiamini hewa itapita na mafuta yatapungua. Vipimo vimeonyesha kuwa mara nyingi ni kinyume. Geti likifungwa, hewa huzunguka ndani ya bodi na kutengeneza kama mto, na hewa inayotoka juu ya kabini huteleza juu yake. Ukilishusha, mto huo unavurugika na ukinzani unapanda.