Diski Nzima, Kompyuta Inatambaa

Mimi ni mhamasishaji wa vijana, na kompyuta tunazofundishia hapa kambini ni za msaada, zilishatumika ofisini miaka mingi. Ikianza kuchelewa watu wanasema imezeeka, inaandikwa mbovu, inaenda stoo. Lakini mara nyingine diski yenyewe ni nzima, ila programu ndiyo imeipunguzia spidi. Jambo hili lina historia yake.

Kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ya aina hii ilitangazwa na IBM mwaka 1956. Diski ile ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, na zote pamoja zilibeba herufi milioni 5 tu. Mpaka 1984, IBM ilipotoa PC AT, diski ilishaingia ndani ya boksi la mezani. Ila data ilibebwa na prosesa yenyewe, kidogo kidogo. Njia hiyo inaitwa PIO. Ni kama siku ya mgao, bosi wa stoo aache daftari abebe kila gunia mwenyewe. Magunia yatafika, lakini foleni haisogei.

Njia nyingine ni DMA. Hapo data inaenda moja kwa moja kwenye memori, na prosesa inaendelea na kazi zake. PIO ya juu iliyozoeleka iliishia megabaiti 16.6 kwa sekunde. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaja Ultra DMA ya megabaiti 33, halafu 66. Kwa spidi hiyo ya 66, waya bapa wa diski ulibidi uwe na nyuzi 80 badala ya 40, ili mawasiliano yasiingiliane.

Sasa tuje kwenye draiva, yaani programu inayoongoza kifaa. Kwenye Windows 98 kulikuwa na kisanduku cha DMA, na mara nyingi ilibidi mtu aweke tiki mwenyewe. Windows XP ya 2001 ikawa inachagua yenyewe. Lakini ilivyotoka, XP ilihesabu makosa: data ikifika imeharibika au ikichelewa mara sita, draiva inashusha spidi ngazi moja, na inaweza kushuka hivyo mpaka PIO. Haipandi tena yenyewe, hata kama shida ilikuwa waya uliolegea tu.

Kwa hiyo, ukikuta XP inatambaa, fungua Device Manager, uangalie chaneli ya IDE ambayo diski imeunganishwa. Ikionyesha PIO, nakili kwanza kazi za watu. Zima mashine, kaza waya au uubadilishe. Ukiwasha, ondoa chaneli ile kwenye orodha, halafu washa upya. Windows itaitambua upya na kuanza hesabu mwanzo. Spidi ikianguka tena, au diski ikigonga-gonga, basi hapo kweli diski inaelekea kufa.

Ndugu zangu wa mashirika, kabla hamjaandika "mbovu", naomba tuangalie hilo kwanza. Kazi yenyewe haimalizi saa moja. Kwetu kompyuta moja ikirudi mezani, kuna kijana anayetoka kwenye orodha ya kusubiri na kuanza masomo.